MAISHA YA PADRI SIMÉON LOURDEL, ALIYEITWA MAPERA



Katika siku za yubile watu hupenda kuhesabu: ni mwaka gani kanisa lilijengwa, ni paroko gani aliyeleta mabati ya kwanza, ni watu wangapi walioandikwa katika vitabu vya ubatizo. Hesabu hiyo iko katika kurasa zingine za kitabu hiki. Hapa tunataka kusimulia maisha ya mutu mumoja ambaye hakukanyaga milima ya Masisi hata siku moja, wala hakuvuka muto Lowa, na ambaye alikufa katika mwaka wa 1890, kabla padri wa kwanza hajafika katika inchi yetu.

Hata hivyo yeye si mugeni kwetu. Kila mwaka, tarehe 3 Juni, tunaadhimisha sikukuu ya Karoli Lwanga na wenzake, wamartiri wa Uganda. Vijana wetu wanaitwa Kizito, Karoli na Matiya. Kwaya na shule zinachukua majina hayo. Padri Siméon Lourdel alikuwa mwalimu wao katika imani. Tena, tukifuata nyayo za Mapadri Weupe kutoka misioni za kwanza za Kivu na kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, tutafika kwenye musafara mumoja tu, na kijana huyo alikuwamo.

Kuna sababu ingine. Sisi wenyeji tumeona vijana wengi wakishuka kutoka gari la misioni, kanzu zao zingali safi, wakishindwa kumeza bugali na sombe, wakiogopa ulalo wa miti, wakicheka pasipofaa kucheka. Wengine walitumwa kutoka Ulaya. Wengine wanatoka Kasai ao inchi jirani, na hao nao hujikuta wageni, maana Kihunde na Kinyanga havifundishwi katika seminari zao. Tunawaangalia kimya, tukijiuliza kama watazoea. Maisha ya Lourdel yanaonyesha ginsi kazi hiyo ya kuzoea ilivyo, na bei yake, kwa mugeni na kwa wenyeji vilevile.

Kijana wa Dury

Siméon Lourdel alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 katika kijiji cha Dury, jimbo la Arras, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Waliomujua wanapatana juu ya jambo moja: alikuwa mwepesi wa kusema na mwepesi wa kukasirika. Aliyoyafikiri aliyatamka, tena hakupenda kungoja. Tukumbuke tabia hiyo, maana nadhani ilimutesa kuliko homa.

Katika mwaka wa 1874 alivuka bahari ya Mediterania, akaenda Algeria kuingia katika shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoanzishwa mwaka wa 1868 na Askofu Mukuu Charles Lavigerie wa Alger. Kwa kuwa walivaa kanzu nyeupe kama Waarabu wa inchi ile, na rozari shingoni, watu waliwaita Mapadri Weupe. Lavigerie aliwapa sheria kali: wasikae wawili wala mumoja peke yake, bali watatu pamoja, wajifunze upesi lugha ya watu waliotumwa kwao, hata kuisema wao kwa wao, wakubali chakula na desturi za wenyeji kwa kadiri inavyowezekana. Kuandika sheria kama hizo ni rahisi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1876, Lourdel angali mwanafunzi, mapadri watatu wa shirika waliuawa katika jangwa la Sahara walipokuwa wakielekea Timbuktu. Habari hiyo haikumurudisha nyuma. Alipewa upadri tarehe 2 Aprili 1877.

Njia ya Bagamoyo

Mwaka uliofuata, 1878, Baba Mutakatifu Leo XIII alikabidhi shirika la Lavigerie inchi za Maziwa Makuu. Wamisionari kumi waliondoka Marseille mwezi wa Aprili. Tano walikuwa wa ziwa Nyanza, chini ya Padri Léon Livinhac. Tano wa ziwa Tanganyika, chini ya Padri Pascal. Lourdel alikuwa na miaka 24, naye alihesabiwa katika kundi la Nyanza. Tutayakumbuka makundi hayo mawili mwishoni, kwa maana lile la Tanganyika ndilo linalotuhusu sisi wa Kongo.

Mwezi wa Juni walitoka Bagamoyo kwa miguu. Siku hizi mutu anayelalamika juu ya barabara ya Walikale wakati wa mvua afikiri kidogo juu ya safari ile. Ilichukua zaidi ya miezi sita. Hapakuwa na feza ya kutumia njiani isipokuwa nguo, ushanga na nyaya za shaba, na vitu hivyo vyote vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kila mutawala mudogo wa Ugogo alidai hongo, ndiyo kodi ya kupita katika inchi yake, na mazungumzo juu ya hongo yaliweza kuchukua siku nzima ao siku tatu. Wapagazi walitoroka usiku na mizigo. Homa iliwaangusha mapadri mumoja baada ya mwingine. Mwezi wa Agosti Padri Pascal, mukubwa wa kundi la Tanganyika, alikufa huko Ugogo bila kuliona ziwa alilotumwa kwake.

Katika njia hiyo Lourdel alipata shule yake ya kwanza, na walimu wake hawakuwa mapadri. Walikuwa wapagazi na waungwana wa pwani waliosindikiza misafara. Kwao alianza kuzoea Kiswahili, lugha ileile ambayo watu wa namna yao waliileta mpaka Manyema, na kutoka Manyema ikapanda hata kwetu ikiitwa kwa jina lao, Kingwana. Ni ajabu kidogo kufikiri kwamba mwalimu wa wamartiri alianza kuwasemesha watu wa Buganda kwa lugha ya wachukuzi wa mizigo, ndiyo hii tunayoandikia leo.

Tarehe 30 Desemba 1878 waliliona ziwa Nyanza. Livinhac aliamua kwamba mutu atangulie kuomba ruhusa ya mufalme. Akamuchagua Lourdel, mudogo wao mwenye haraka, pamoja na Fratri Amans. Wawili hao walivuka ziwa kwa mutumbwi, wakatua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Lourdel alikuwa amekwisha kutimiza miaka 25.

Mbele ya Mutesa

Watu wengine husimulia kwamba wamisionari walikuta mahali pote giza na fujo. Kwa Buganda maneno hayo si ya kweli. Lourdel alikuta ufalme wenye barabara pana zilizopanda na kushuka vilima, wenye wakubwa wa mikoa, wenye waziri mukuu anayeitwa Katikiro, wenye ngoma iliyojulisha kila jambo na wenye adabu nyingi kuliko alizozijua Dury. Nyumba za matete na majani zilikuwa kubwa na safi. Watu walivaa nguo za gome la muti zilizopondwa zikawa laini. Walikula ndizi zilizofungwa katika majani yake na kupikwa kwa mvuke. Mbele ya mufalme kila mutu alipiga magoti, na aliyepewa zawadi alijilaza chini kushukuru.

Mufalme mwenyewe, Mutesa, hakuwa mutu wa kudanganywa. Alikuwa amejifunza dini ya Kiislamu kutoka wafanyabiashara wa pwani, akafunga Ramazani miaka mingi. Kisha, katika mwaka wa 1876, aliwaua vijana Waislamu wa nyumba yake waliokataa kumutii juu ya sheria za dini yao. Walikufa Namugongo, miaka kumi kabla ya wakristu wetu, na inafaa tuwakumbuke. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Uingereza walikuwa wamefika tangu 1877. Hivi padri huyu kijana aliingia katika nyumba ambamo wageni watatu walikuwa wakigombea sikio la mwenye nyumba, na mwenye nyumba aliwapima wote watatu: huyu ataniletea bunduki, yule atanilinda na jeshi la Misri, huyu je?

Kitu cha kwanza ambacho Lourdel alipashwa kujifunza kilikuwa kungoja. Kule hakuna mutu aliyeingia kwa mufalme kwa saa yake mwenyewe. Aliitwa, alirudishwa, aliitwa tena. Alikaa kwenye baraza jua likipanda na kushuka, kati ya wakubwa waliokuja na kesi zao. Sisi tuliokaa siku nzima kwenye kiwanja cha mwami tukingoja neno letu lisikilizwe tunajua kwamba kungoja huko si bure. Ndipo mutu husikia ginsi inchi inavyotawaliwa. Lourdel alikujua kwa taabu. Mwishoni alikuwa amesikiliza lugha muda murefu hata akaisema vizuri, akaacha Kiswahili, akatumia Kiganda. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Livinhac na wenzake walifika kwa mitumbwi ya mufalme, nao wakaanza kujifunza. Livinhac aliandika sarufi ya Kiganda, iliyopigwa chapa mwaka wa 1885.

Baganda walisikia wageni wale wakimuita padri wao kwa Kifaransa, baba yangu, yaani mon père. Midomo yao ikaligeuza neno likawa Mapera. Jina hilo likamushika Lourdel, na mpaka leo huko Uganda wengi wanamujua kwa jina hilo tu. Kwetu pia tumewapa mapadri majina. Mutu ambaye hatujampa jina bado hajafika.

Neno la kuhuzunisha

Tusifiche ambacho hakikumupendeza mutu. Mwisho wa Juni 1879, siku ya Mungu, Alexander Mackay, fundi na mwalimu wa Waprotestanti, alikuwa akiongoza sala mbele ya mufalme. Lourdel alikuwapo. Wengine walipopiga magoti, yeye alibaki ameketi. Mutesa alitaka kujua sababu, na hapo maneno yakaanza. Lourdel alisema wazi, kwa hasira, kwamba mafundisho ya watu wale ni ya uongo. Mackay alijibu kwa namna yake. Mufalme na wakubwa wake walisikiliza wazungu wawili wakibishana juu ya Mungu mumoja. Mutesa aliuliza basi itakuwaje, kila kabila la wazungu lina dini yake? Nani mwenye kweli?

Wanaomutetea Lourdel husema kwamba katika siku zile kila padri angalifanya vile. Inawezekana. Lakini matunda ya siku ile yalikuwa machungu: katika mwaka wa 1892 wakristu wa pande mbili walipigana kwa bunduki kwenye vilima vya Mengo na Rubaga, na watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa. Sisi wa inchi hizi, ambao tumeona mazishi ya wakristu waliouawa na wakristu, hatuwezi kupita juu ya neno hilo kama dogo. Lourdel na Mackay wenyewe hawakuliona tukio la 1892. Tutaona kwamba Mungu aliwapa wote wawili nafasi ya kukaa katika chombo kimoja.

Dawa na watoto wa nyumba ya mufalme

Kilichofungua mulango haukuwa ubishi. Mutesa alikuwa mugonjwa tangu miaka mingi, na Lourdel alikuwa na sanduku dogo la dawa pamoja na ujuzi mudogo wa kuzitumia. Alimutunza mufalme, alitunza watu wa mufalme, alitunza wagonjwa wa jirani. Kwa kazi hiyo aliingia katika nyumba ambamo hotuba haingii. Vilevile mapadri walikomboa watoto waliouzwa utumwani, wakawalea. Leo tunajiuliza kama feza ile haikutia nguvu soko lenyewe la watumwa. Watoto wale kwa upande wao walipata chakula, shule na jina.

Katika lubiri, yaani boma la mufalme, walikuwamo mamia ya vijana wa kiume, wana wa wakubwa na wa watu wadogo, waliotumwa huko kutumika na kufundishwa utawala. Vijana hao walikuwa na macho makali. Walikuja kwa mapadri, wengi wao usiku, wakificha. Waliuliza maswali magumu, walijifunza kusoma upesi, wakaenda kufundishana. Tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Takatifu, wa kwanza walibatizwa. Baadaye Lavigerie aliagiza kwamba wakatekumeni wangojee miaka mine, ili watu wasibatizwe kwa haraka. Kwa Lourdel, asiyependa kungoja, sheria hiyo ilikuwa muzigo mwingine. Tarehe 30 Aprili 1882 walibatizwa Yozefu Mukasa Balikuddembe, mutumishi wa mufalme, na Andrea Kaggwa, mukubwa wa wapiga ngoma. Mwezi uliofuata akabatizwa Matiya Mulumba, muzee mwenye busara aliyekuwa amekwisha kupita katika Uislamu na Uprotestanti akitafuta kweli.

Kisha ikatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwezi wa Novemba 1882, mufalme alipokuwa akigeuka-geuka, na mapadri wakiogopa juu ya watoto waliowalea, Livinhac aliamua waondoke. Wakavuka ziwa kwenda kusini, wakajenga Bukumbi, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Baada ya zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kujifunza lugha, kungoja na kutunza wagonjwa, Lourdel alipashwa kufunga sanduku lake na kuacha wabatizwa wachache kati ya hatari. Bila padri, bila Misa, bila kitubio.

Hapa tunaomba musomaji asimame kidogo, kwa maana tunaona hapa ndipo kiini cha maisha yake. Mapadri walikuwa mbali muda wa miaka karibu mitatu. Katika muda huo Yozefu Mukasa alikusanya vijana wa lubiri na kuwafundisha. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Matiya Mulumba alifundisha Mityana, katika mukoa wa Singo, akiacha ukubwa wake na kulima kwa mikono yake. Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, kijana wa miaka karibu 18, aliwaita mapadri warudi, na Julai 1885 Lourdel akatua tena Buganda. Hakukuta kundi lililotawanyika. Alikuta Kanisa lililoongezeka, linalosali, lenye wakubwa wake, ambalo halikumungojea ili liishi. Wale aliowaacha kama wanafunzi walimupokea kama wenye nyumba wanavyomupokea ndugu aliyerudi kutoka safari.

Makatekista wetu wazee, waliobaki na kundi katika miaka ambayo mapadri hawakuweza kupanda mpaka Masisi ao kuingia musituni Walikale kwa sababu ya vita, watafahamu ukurasa huu bila maelezo.

Kidonge

Furaha haikukaa hata nusu mwaka. Mwezi wa Oktoba 1885, Hannington, askofu wa Kiprotestanti, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yozefu Mukasa alimuendea mufalme, akamulaumu juu ya damu ya mugeni yule. Tena alikuwa akiwaficha vijana wa lubiri ili mufalme asiwatumie vibaya. Mwanga alikasirika, na Katikiro, aliyemuonea Mukasa wivu, alizidisha moto.

Siku zilezile Mwanga aliugua macho. Akamuita Mapera kama babaye alivyofanya. Lourdel alimupa kidonge cha afyuni kituliza maumivu. Mufalme akakimeza, akazidi kuumwa, akashikwa na hofu ya kulishwa sumu, na Yozefu Mukasa, aliyekuwa mulinzi wa nyumba yake, ndiye aliyeshitakiwa. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa. Alikuwa wa kwanza kati ya wamartiri wakatoliki.

Hatutaki kusema kwamba kidonge kilimuua Mukasa. Aliuawa kwa sababu aliitetea haki mbele ya mufalme, na shitaka lingalipatikana kwa njia ingine. Lakini Lourdel alipashwa kuishi na neno hilo. Dawa iliyomufungulia mulango wa Mutesa ilitumiwa kuwa shitaka juu ya rafiki yake bora. Mugeni, hata akijua lugha vizuri na kuitwa kwa jina la wenyeji, hajui kila mara kile ambacho mukono wake unagusa katika nyumba ya wengine. Na wenyeji ndio wanaolipa wa kwanza. Yeye, mugeni, hakuuawa. Mwanga hakumugusa. Mukasa hakuwa na ulinzi wa namna hiyo.

Usiku uleule vijana wengi wa lubiri walikimbilia kwa mapadri kuomba ubatizo, kwa maana waliona kifo kinakaribia. Sheria ya miaka mine ikawekwa kando. Kati ya waliobatizwa alikuwamo Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi ya Mukasa kuwaongoza wenzake.

Tarehe 25 Mei 1886 hasira ya Mwanga ililipuka huko Munyonyo. Kesho yake vijana wakristu walitengwa na wengine, wakahukumiwa. Usiku uliotangulia Lwanga alikuwa amewabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, naye Kizito, mwenye miaka karibu 14, alikuwa mumoja wao. Lourdel alisikia, akakimbia mpaka Munyonyo kumusihi mufalme. Alikatazwa kumuona. Alisimama kando, na vijana aliowafundisha wakapitishwa mbele yake wamefungwa kamba, wakubwa kwa wadogo, wakiongozwa Namugongo. Mutu ambaye hakujua kunyamaza hakuwa na neno la kusema. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki waliouawa toka 1885 mpaka Januari 1887 ni 22, nao waliandikwa watakatifu na Baba Mutakatifu Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Waprotestanti wengi waliuawa pamoja nao, kwa imani ileile, na katika moto uleule.

Chombo kimoja

Katika miaka iliyofuata Lourdel alibaki Buganda, akisalisha kwa siri, akingoja tena. Sasa alijua kungoja. Mwaka wa 1888 Mwanga alifukuzwa katika ufalme, na mwezi wa Oktoba upande wa Waislamu ukashika utawala, ukawafunga wamisionari wote pamoja, kisha ukawafukuza. Chombo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha Waprotestanti. Wakaingia wote, mapadri na wachungaji, pamoja na watoto wa misioni. Ziwani kiboko akakipiga chombo, kikatobolewa, watu wakapashwa kuokolewa majini. Miaka tisa kabla, Lourdel alikataa kupiga magoti pamoja na Waingereza. Sasa alipanda chombo chao, naye hakuwa na kingine.

Mwanga, aliyewachoma wakristu, alikuja kukimbilia Bukumbi kwa mapadri, nao wakamupokea. Wakristu wa pande zote mbili walimusaidia kurudi katika kiti chake, na Lourdel alirudi pamoja nao. Mwanga aliwapa wakatoliki kilima cha Rubaga, palipokuwa boma la babaye, mahali ambapo Lourdel aliwahi kukaa siku nyingi akingoja kuitwa. Lakini mwili wake ulikuwa umechoka. Mackay alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa, tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Lourdel alimufuata tarehe 12 Mei mwaka huohuo, Rubaga. Alikuwa na miaka 36, na kumi na miwili kati yake alikuwa ameishi mbali na kwao bila kurudi.

Kundi la pili

Linabaki kundi la Tanganyika. Lilipokwisha kumuzika Padri Pascal liliendelea mpaka Ujiji, na waliofuata nyuma yao walivuka ziwa. Katika mwaka wa 1885 walikabidhiwa Mpala, na mwaka wa 1893 wakajenga Baudouinville, ndipo Moba ya leo. Kutoka huko Askofu Victor Roelens alituma mapadri kupanda kaskazini, wakafika Kivu. Kabla ya vita ya 1914 walikuwa wamekwisha kujenga Lulenga na Bobandana, na kutoka hapo Injili ikaingia katika milima yetu na baadaye katika musitu. Vikariati ya Kivu iliundwa 1929, Goma ikatengwa 1959.

Tarehe 29 Juni 1913, huko Villa Maria katika Buganda, wana wawili wa inchi walipewa upadri, Bazili Lumu na Vikta Mukasa. Miaka mine baadaye, tarehe 21 Julai 1917, Roelens alimupa upadri Stefano Kaoze huko Baudouinville, padri wa kwanza wa Kongo.